Mbwa Mkubwa Kwenye Nyumba ya Muda: Mwongozo wa Kuokoa na Kutafutia Makao Mbwa Wakubwa, Kuanzia Nakuru Hadi Kisumu

Kijibwa kikikosa kwao, kuna mtu atakichukua. Mtoto atalia, mama atalegea, na kufikia usiku kimelala jikoni. German Shepherd wa kilo 38 hana bahati hiyo. Mwenye nyumba amepata uhamisho kutoka Nakuru kwenda Garissa, au mzee amefariki na watoto wake wote wanaishi kwenye ghorofa, au mkataba wa mfanyakazi wa shirika umeisha Kisumu na ndege ni Ijumaa. Basi mbwa aliyenunuliwa kwa pesa nyingi anatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: "Nani anataka mbwa, bure?" Anayejibu wa kwanza ndiye humpata, na mara nyingi huyo ndiye asiyefaa kabisa.

Njia ya kuzuia hayo ni kumweka mbwa kwa mlezi wa muda, ndani ya familia ya kawaida, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Sehemu zetu hazina makao mengi ya mbwa. KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoanza mwaka 1910, lina makao makuu Nairobi na tawi Naivasha, lakini Naivasha si Kakamega. Nyumba za watu ndizo tulizo nazo. Na hata kama tungekuwa na mabanda ya kutosha, bado ningechagua nyumba, kwa sababu mbwa ndani ya kizimba hakuonyeshi atafanya nini mtoto akidondosha mkate mbele yake. Nyumbani utalijua hilo, na kwa mbwa mwenye uzito wa mtu, lazima ulijue kabla hujamkabidhi kwa mwingine.

Nyumba kwanza, mbwa baadaye

Wengi huanza kinyume. Wanamchukua mbwa, halafu ndipo wanapiga simu kutafuta pa kumweka. Jioni imeingia, mvua inanyesha, mbwa yuko nyuma ya Probox anabweka, na hapo utakubali nyumba yoyote ile. Tafuta walezi wakati huna mbwa hata mmoja. Wachache wanatosha: mwenye boma pana, tuseme Kiamunyi au Lanet, mwingine aliyezoea mbwa wagumu, na mmoja asiye na mbwa wengine, ambaye anaweza kupokea mgonjwa bila kuambukiza nyumba nzima.

Nenda ukaone kila nyumba kwa macho yako. Ukuta au waya uwe angalau futi sita, kwa kuwa wa futi nne mbwa mzima mwenye afya huuruka. Ua la kayaba hupendeza, lakini inama uangalie chini: ndiko kwenye matundu ambayo kuku hupitia leo na mbwa atapitia kesho. Ukifika upande wa ziwani utakuta ua la mnyaa, ule ambao Wajaluo huuita ojuok. Utomvu wake huunguza macho, na mbwa mwenye tabia ya kutafuna matawi asiwekwe karibu nao. Kagua geti pia. Pengo la chini ni kubwa kiasi gani? Komeo hujifunga lenyewe au hungoja mtu akumbuke? Nani huingia bila kubisha: mwuza maziwa, msomaji mita, watoto wa jirani wanaofuata mpira?

Kama mlezi ni mpangaji, taka ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. "Hakuna shida" ya msimamizi wa ploti hudumu mpaka mpangaji mwingine alalamike.

Kisha uliza swali ambalo watu hulisahau: nani hasa atamlisha? Kwenye maboma mengi ya kwetu, anayetia sahihi makubaliano ni mwenye nyumba, lakini anayesonga ugali wa mbwa, anayefungua banda alfajiri na anayezoa kinyesi ni kijana wa shamba au dada wa kazi. Huyo ndiye mlezi wa kweli. Akimwogopa mbwa atamrushia chakula kutoka mbali na kutembea na fimbo, na mbwa atajifunza kwamba binadamu huja na fimbo. Zungumza naye pembeni, maana mbele ya mwajiri kila kitu ni "sawa tu". Muulize kama amewahi kuumwa. Muulize kama imani yake inamruhusu kumshika mbwa. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na mtu asilazimishwe kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya. Na kazi ikiongezeka, mshahara nao uongezeke. Nimewahi kukataa nyumba nzuri ya Milimani, nyasi zimekatwa vizuri na ukuta wa mawe, kwa sababu ya jibu nililopewa jikoni.

Makubaliano na mlezi yaandikwe kwenye karatasi moja: nani analipia chakula, nani analipia daktari, nani anaamua mbwa apasuliwe au la, atakaa mpaka lini. Sharti moja lisipindwe hata kidogo: mlezi hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine mbwa, hata shemeji yake, wala kumpandisha.

Kumpokea kutoka kwa mwenyewe

Mwenye mbwa akikupa, akuandikie barua fupi kwamba anakuachia umiliki wote, na aweke jina, nambari ya kitambulisho, tarehe na sahihi. Bila hiyo, mbwa akishapona na kunenepa anaweza kudaiwa tena. Omba kadi ya chanjo na jina la daktari wake wa mifugo, kisha mpigie daktari huyo.

Usiulize kama mbwa ni mkali. Utajibiwa "ni mpole kama kondoo" na mtu anayetaka kuondokewa na mzigo, au "huyu ni moto" na mtu anayejivunia. Uliza yaliyotokea. Mara ya mwisho alimrarua nani nguo, na ilikuwaje? Akiwa anakula, unaweza kupita karibu yake? Soja, yaani mlinzi wa usiku, humfungua saa ngapi? Amewahi kuua kuku wa jirani, nani alilipa? Daktari akimdunga sindano, nani humshika?

Jibu kuhusu soja lina uzito zaidi ya mengine. Mbwa wengi wakubwa wa mjini hufungiwa bandani mchana kutwa na kuachiliwa usiku. Huyo hajawahi kufungwa kamba ya kutembezwa, hajawahi kumwona mgeni kwenye mwanga wa jua, hajui pikipiki ni nini. Watu humwita mkali, ilhali mara nyingi ni mwoga tu, na mwoga wa kilo 45 huuma kwa nguvu sawasawa na mkali. Mpe mlezi mwenye subira na uhesabu miezi.

Umemkuta barabarani? Rottweiler anayezurura karibu na Salgaa au Ahero si mbwa koko. Huenda ameibwa, ameruka ukuta kwa hofu ya fataki, au ametupwa. Piga ripoti polisi upate nambari ya OB (kitabu chao cha matukio), mjulishe chifu, waulize madaktari wa mifugo wa karibu. Picha yake ukiisambaza, ficha alama moja: kovu, ukucha mweupe, sikio lililochanika. Anayedai ni wake aitaje. Mimi husubiri wiki mbili kabla ya kumtafutia mtu mwingine.

Ikiwa mbwa anapigwa au kunyimwa chakula na mwenyewe hataki kumtoa, usiruke ukuta usiku. Ukatili kwa wanyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Nenda na chifu au ofisa wa mifugo wa kaunti. Mara nyingi ukifika na mzee wa mtaa anayeheshimika, mazungumzo huisha kwa mbwa kutolewa bila kesi.

Safari

Bodaboda hapana, matatu hapana. Tumia pikapu yenye kofia au gari dogo lenye nafasi nyuma, watu wawili, na kamba mbili: moja kwenye ukosi na nyingine kifuani. Ukilazimika kumfunga mdomo kwa bandeji, iwe ni kwa dakika chache za kumpakia tu, kwani mbwa hujipoza kwa kuhema na akifungwa mdomo kwenye joto anaweza kufa. Kutoka Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, unapita baridi ya Mau Summit na Kericho halafu unateremka mpaka Kisumu, kama mita 1,130. Ondoka alfajiri ili ufike kabla jua la Ahero halijakolea. Mbwa wa manyoya mazito wanaofugwa nyanda za juu, kama Caucasian, nisingewapeleka ziwani kabisa.

Siku za kwanza: daktari na karantini

Kabla ya yote, kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea mpango, ulioanza 2014, wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia 2030, na kaunti huwa na kampeni za chanjo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba. Usingoje kampeni. Mbwa asiye na kadi achanjwe mara moja, na kumbuka kwamba chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa: dalili huweza kuchukua wiki hadi miezi kabla ya kutokea. Ndiyo maana mbwa wa asili isiyojulikana hakai na watoto mwanzoni, hata akitingisha mkia.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Asipakwe pilipili wala mafuta ya taa. Mbwa asiuawe kwa hasira; afungiwe na kuangaliwa na daktari kwa siku 10, kwa kuwa akibaki mzima muda huo, hakuwa na virusi mateni alipouma. Nanyi mnaoshika mbwa wageni mara kwa mara, ongeeni na hospitali kuhusu kuchanjwa mapema.

Mtenge na mbwa wengine kwa siku 14. Parvo, ugonjwa wa virusi vya tumbo, hutapisha na kuharisha damu, huua hasa watoto wa mbwa, na virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Sabuni ya kawaida haiviui. Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji huviua kwenye sakafu iliyosafishwa kwanza.

Ugonjwa utakaokutana nao zaidi ni homa ya kupe. Ufizi mweupe, uchovu, kukataa chakula, wakati mwingine damu puani. Damu ipimwe, matibabu ya aina moja ya homa hiyo huendelea karibu mwezi mzima, na walezi hupenda kuacha dawa siku ya sita mbwa akishaanza kurukaruka. Angalia pia funza kati ya vidole, upele, na uvimbe kwenye sehemu za siri unaotoa damu. Uvimbe huo huambukizwa kwa kupandana, watu huuogopa wakidhani ndio mwisho, kumbe mara nyingi hupona kwa sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa.

Onyo kuhusu duka la agroveti, linalouza dawa za mifugo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe imechanganywa kwa ng'ombe. Ivermectin, ambayo kila mfugaji anayo, inaweza kuua Collie na baadhi ya German Shepherd kutokana na maumbile yao ya kurithi. Paracetamol na ibuprofen za binadamu hudhuru mbwa vilevile. Na dozi yoyote hutegemea kilo, lakini daktari anayekuja nyumbani huwa hana mizani ya mbwa mkubwa. Mpeleke kwenye duka la nafaka, ile mizani ya kupimia magunia ya mahindi inatosha, ukimwomba mwenye duka kwa adabu na kufagia manyoya baadaye.

Chakula

Mbwa wa kilo 40 hula karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya duka lako kabla ya kukubali mbwa wa pili. Wengi wetu hupika: ugali, omena, matumbo, sukuma kidogo. Chakula hicho kinafaa ikiwa protini ni ya kutosha, si ugali mweupe wenye harufu tu ya samaki. Omena ichambuliwe mchanga na kuoshwa. Kitunguu hapana. Mifupa iliyopikwa hapana, maana hupasuka vipande vyenye ncha. Ukipika, muulize daktari kuhusu nyongeza ya madini.

Kuna unga wa bei rahisi unaouzwa kwa jina la "unga wa mbwa", na mara nyingine ni mahindi yaliyovunda. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, huharibu ini la mbwa upesi. Unga usioweza kuula wewe, usimpikie.

Aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika asipewe sufuria nzima siku ya kwanza kwa huruma. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla unaweza kuzimika. Mgawie kidogo mara nne au tano kwa siku, ukiongeza polepole kwa wiki nzima au zaidi.

Hata mbwa mwenye afya, kama ana kifua kirefu kama Great Dane au German Shepherd, apewe milo miwili badala ya mmoja mkubwa, na asikimbizwe baada ya kula. Tumbo lake huweza kujaa hewa na kujipinda: linavimba upande, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, hatulii. Hapo una saa chache tu, na upasuaji ndio tiba. Jua leo ni daktari gani wa mjini kwako hupokea simu usiku.

Kitanda chake kisiwe saruji tupu. Uzito hutoboa ngozi ya viwiko. Paleti na magunia mawili yanatosha.

Kumsoma mbwa

Walezi wenye uzoefu hutumia kipimo cha siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuanza kujionyesha, miezi mitatu ya kukaa kama mwenyeji. Sahau kumhukumu siku ya pili, kwa uzuri au kwa ubaya. Mbwa aliyenyamaza sana mwanzoni ndiye humshangaza mlezi wiki ya tatu.

Mlezi aandike kila jioni, sentensi mbili tatu. Alifanya nini kuku walipopita? Mbuzi? Alifanyaje jirani alipoita hodi, alipoguswa sikio, sahani yake ilipokaribiwa? Anawaogopa wanaume wenye kofia? Majaribio yafanywe kwa kamba, mbali kwanza, na watoto wabaki ndani. Mbwa akiunguruma asipigwe. Kuunguruma ni onyo, na akipigwa mpaka aache kuunguruma, siku moja atauma bila onyo.

Mtembezeni saa za utulivu, barabara za nyuma. Afundishwe kukaa geti linapofunguliwa. Hiyo moja tu humwongezea nafasi ya kuchukuliwa kuliko ujanja mwingine wowote.

Kuna mbwa ambao haiwezekani kuwapa mtu yeyote. Ameshauma vibaya zaidi ya mara moja, bila kuchokozwa, na daktari hakuona maumivu wala ugonjwa. Kumpa mtu mbwa huyo kwa kunyamazia historia yake ni kumtegea mtoto wa mwingine. Kumlaza kwa sindano ya daktari, na mtu anayemjua akiwa ameshika kichwa chake, ni uamuzi ninaouunga mkono, na mlezi asiachiwe abebe lawama hiyo peke yake.

Kutafuta wa kumchukua

Tangazo liseme ukweli: kilo, umri wa kukadiria, tabia, kasoro. "Hapatani na kuku. Anaogopa radi. Anapenda kupanda gari." Tangazo lenye kasoro huleta watu wachache na walio makini.

Simu nyingi zitakuwa hivi: "Niko na boma Njoro, naibiwa nguo, nataka mbwa mkali." Usimcheke mtu huyo, wizi ni wa kweli. Mweleze kwamba mbwa anayelala karibu na watu wake na kuwajua hubweka kwa sababu, na anayefungwa mnyororo mchana kutwa hubwekea kila kipepeo mpaka hakuna anayeamka. Wengine huelewa. Anayesisitiza mnyororo, mkatae. Mkatae pia anayeuliza kwanza kama mbwa amehasiwa na kunung'unika akisikia ndiyo. Huyo anatafuta biashara ya watoto wa mbwa. Ndiyo maana mbwa mzima hufungwa uzazi kabla ya kutoka kwa mlezi. Kwa wale wa aina kubwa walio chini ya mwaka mmoja, madaktari wengi hupenda kungoja mifupa ikomae, basi iandikwe kwenye mkataba tarehe na nani atalipa.

Tembelea nyumba yake kama ulivyotembelea ya mlezi, ukiongea na yule wa jikoni vilevile. Kila anayeishi pale aje amwone mbwa, pamoja na bibi aliyekuja kutoka kijijini kwa mwezi mmoja. Kama tayari ana mbwa, wakutanishwe nje ya geti, mahali pasipo pa yeyote, watembezwe sambamba kabla ya kunusana.

Toza ada, hata ndogo, itakayorudisha sehemu ya gharama za chanjo. Cha bure hufika kwa mnunuzi mwingine kwenye barabara kuu mapema sana.

Kumkabidhi, na baadaye

Asubuhi ya siku ya kazi tulivu, si Krismasi, si siku ya harusi. Mlezi ampeleke mwenyewe pamoja na gunia lake la kulalia ambalo halijafuliwa, chakula cha siku tano cha aina aliyozoea, kadi ya chanjo, na nakala ya daftari. Mkataba uwe na mambo manne: asifungwe mnyororo kutwa, asipandishwe, asihamishiwe mtu mwingine, na akishindikana arudi kwako, si sokoni.

Hatari ya kutoroka ni kubwa katika wiki ya kwanza. Mbwa hujaribu kurudi kwa mlezi, na njiani huenda kuna barabara kuu ya kuvuka. Kamba iwepo hata ndani ya boma, na namba ya simu ichongwe kwenye ukosi kabla hajaondoka.

Piga simu kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha kila wiki kwa mwezi. Usiulize "anaendeleaje", utaambiwa "poa". Uliza alilala wapi jana. Uliza nani alimlisha asubuhi. Omba picha ya leo, akiwa amesimama, mbavu zionekane. Baada ya miezi mitatu pita kuwaona, na mpaka ziara hiyo ipite, usimpe mlezi wake mbwa mwingine: nafasi ile bado ni ya huyu.